Mwaka wa Pipa la Somoe

Huku Kinyerezi watoto wananiita Mzee Marahaba. Si jina nililopewa na wazazi, lakini si baya, nalipokea. Limetokana na tabia yangu ya kuitikia salamu kabla haijafika. Nikimwona mtu anakuja, mdogo kwangu, na siku hizi karibu kila mtu ni mdogo kwangu, basi yeye hajafungua hata mdomo mie nimeshasema marahaba, marahaba, pita mwanangu. Wapo wanaocheka. Wapo wanaosema mzee ana uroho wa heshima, anaidai kama kodi ya nyumba. Mkwe wangu, mtu wa Moshi, mtaratibu sana, aliwahi kuninunia kwa sababu kila akija kunisalimu anakuta jibu limemtangulia mlangoni, salamu yake anabaki nayo mkononi kama mzigo usio na mwenyewe. Na humu ndani nina sheria moja tu. Mtoto akiwa uani anapiga mswaki, au ana tonge mdomoni, nikitokea asinisalimie. Ateme kwanza, au ameze taratibu, na hata akisahau kabisa sina neno naye. Wanangu wanasema ni uzee. Sijawahi kuwaeleza. Naeleza leo kwa sababu ya jambo lililonikuta mwezi uliopita, nilipokwenda bondeni kununua matembele.

Kuna bonde hapa chini, upande wa pili wa mitambo ya gesi, vijana wanalima mboga. Siku hiyo nikakuta watu wamekusanyika chini ya turubai, na mbele yao binti mmoja, bibi shamba, kavaa glovu za mpira mpaka kwenye viwiko. Ana ndoo ya bluu, na pembeni yake amelundika taka za jikoni. Maganda ya vitunguu, saumu iliyoota, vikonyo vya pilipili, majani ya mwarobaini, maganda ya machungwa. Anawaambia taka zenu ndiyo dawa yenu ya wadudu, mnatupa mali jalalani halafu mnakwenda dukani. Mie nikasimama kwa mbali nikitabasamu, maana nilikuwa namwelewa kuliko alivyojua. Halafu akafunua ndoo ya pili, ile aliyoiloweka siku za nyuma, na upepo ukanigeukia. Sijui kama mnaijua harufu ile. Si kitunguu, si pilipili. Vitu hivyo vikikaa pamoja majini na jua likavipiga, vinakuwa kitu kingine, kama kwapa la mtu aliyeshiba, Mungu anisamehe. Zaidi ya miaka arobaini pua yangu haikuwa imekutana nayo. Nikiwa bado nahangaika nayo, jamaa mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Sasa sista, kama ni ya asili kweli, onja basi tuone!" Watu wakacheka. Mie nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na yule binti akainua uso kumjibu. Alichomjibu nitakisema. Lakini kwanza nirudi Kipawa, maana ndiko nilikokuwa wakati huo, mwili tu ndio uliokuwa Kinyerezi.

Mwaka ule nilikuwa kijana, nimepanga chumba Kipawa katika nyumba ya udongo na bati. Kuta zilikuwa hazifiki juu. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanakupa pole. Na ndege zilikuwa zinashuka juu yetu. Ikija ndege, vikombe vinagongana kwenye kabati la mama mwenye nyumba, mazungumzo yanakatika nyumba nzima, halafu ikishapita kila mtu anaendelea na neno lilelile aliloliachia. Hata ugomvi ulikuwa hivyo. Mke anamwambia mume wewe ni, ndege inapita, mbwa. Chumba kilichopakana na changu alikaa dada Somoe. Alikuwa Mmakonde wa Newala, ana chale zimepanda mashavuni kama ngazi, ameachika, amenizidi umri kidogo, na ana kicheko cha kushtua kuku. Watu wameniuliza baadaye kama nilimpenda. Sikufichi. Nilikuwa nalala kichwa upande wa ukuta wake. Zaidi ya hapo hakuna kilichotokea, yeye aliniita mdogo wangu na mie niliitika dada, na ndivyo ilivyobaki.

Sote wawili tulikuwa na vijaruba bondeni, mie cha mchicha, yeye cha bamia na chainizi. Ilikuwa miaka ile ya foleni. Foleni ya sabuni, foleni ya unga wa yanga, ule wa njano ambao ukiusonga ugali unabomoka kama tofali bichi. Dawa ya wadudu ya dukani ilikuwa hadithi. Ikipatikana inakwenda kwa wenye mashamba makubwa, sie wa bondeni tunapambana na vidukari kwa vidole. Unageuza jani, unawakuta wamejipanga chini yake, wengi, weusi, wananyonya, unawafuta kwa dole gumba, kesho wamerudi na ndugu zao. Dada Somoe ndiye aliyeona jambo. Mama mwenye nyumba alikuwa anauza samaki wa kukaanga na kachumbari, na maji machafu, maganda ya vitunguu na vikonyo vya pilipili alivimwaga nyuma ya choo, ambako palikuwa pameota mashina ya bamia hakuna aliyeyapanda. Siku moja Somoe akatoka chooni na kopo lake mkononi, akaniita. "Mdogo wangu, njoo uone. Geuza hili jani. Haya geuza na hili." Majani yalikuwa safi. "Bamia za chooni zina mlinzi," akasema, "na zetu tunazichambua wadudu kama mchele wa harusi." Akacheka, kuku wakatawanyika.

Hivyo ndivyo pipa lilivyoanza. Alilipata kwa fundi magari, lina kutu mdomoni, akalisugua kwa mchanga na majivu, akalisimamisha bondeni kando ya vijaruba. Alfajiri tunakwenda soko la Buguruni, mie na baiskeli yangu yenye tenga nyuma, yeye kajifunga kanga kiunoni, tunaokota wanachokifagia wenzetu. Wauza machungwa walikuwa wanatuwekea maganda kwenye gunia, wanatutania, "Wachumba wa jalalani wamefika!" Somoe anawajibu, "Na nyie ndio washenga, mahari yetu iko wapi?" Tukirudi anatwanga, analoweka, anafunika na gunia. Baada ya siku kadhaa maji yanaanza kutoa povu na kuchemka yenyewe bila moto. Anachuja kwa kanga kuukuu, anatia maji ya sabuni kama yapo, ili dawa ishike kwenye jani. Mikono yake ilikolea pilipili hata akawa hawezi kula kwa mkono. Ugali alikula kwa kijiko, na pale Kipawa mtu mzima kula ugali na dagaa kwa kijiko kilikuwa kituko. Mama mwenye nyumba anapaza sauti uani, "Mzungu wa Newala kakaa mezani, mleteeni uma!" Somoe naye, "Mkono wangu ukiingia kwenye bakuli lako, mama, utalala ukijipepea mdomo." Tulikuwa tunakula pamoja sahani moja kubwa ya bati, mie nachota upande wangu kwa vidole, yeye upande wake kwa kijiko, na katikati tunaacha kilima cha ugali ambacho kila mmoja anamwachia mwenzake. Mpaka leo sahani ikibaki na kilima katikati huwa siimalizi.

Lakini kulikuwa na neno. Nyie mnaosoma mtajiuliza neno gani, mtu kaokota taka kafanya dawa. Fikirini kwa akili ya pale. Mwanamke mgeni, ana chale, hana mume, alfajiri yuko jalalani. Chombo chake kinachemka bila moto. Na bomba la kupulizia hatukuwa nalo, kwa hiyo anachovya ufagio wa chelewa ndani ya ndoo na kurashia mboga, kulia na kushoto, akirudi kinyumenyume ili asikanyage tuta. Ukimwangalia kwa mbali utaapa anazingua kama mganga. Jioni moja tumekaa chumbani kwake tunamenya saumu, tukamsikia mama mwenye nyumba na mgeni wake upande wa pili wa ukuta. "Anafuata nini jalalani alfajiri yote ile?" "Anasema maganda." "Maganda! Mtu mwenye akili atoke Kipawa aende Buguruni kufuata maganda?" Ndege ikapita. Tukakaa tumeshika saumu zetu, tunasubiri. Ikaisha. "Basi ujue kuna kitu." Somoe alinitazama akatabasamu, akaendelea kumenya. Halafu nikaona anaimenya punje ambayo ilikwishamenywa.

Aliyetawala bondeni alikuwa Mzee Kibwana. Ndiye aliyegawa vijaruba na ndiye aliyeweza kumwambia mtu funga virago. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuja kwenye pipa na wakulima nyuma yake, akasema, "Mwanangu Somoe, mie sina neno na wewe. Lakini watu wana maneno, na mie ndiye ninayeyasikia. Kwetu mtu akikuletea maji, anakunywa kwanza yeye." Somoe akapiga goti kidogo. "Hata kwetu Newala, mzee. Mwenye pombe hutangulia kunywa." Akachukua kata, akachota dawa ile ya maganda na mwarobaini, akanywa mbele yao. Uso ukamkunjamana kama ndimu iliyokauka. Akajifuta mdomo, akasema, "Chumvi tu imepungua!" Bonde zima likacheka. Kuanzia siku hiyo ikawa mila. Pipa likifunguliwa hakuna anayekinga kopo lake mpaka Somoe aonje, na wao wanasubiri lile neno lake, mara chumvi, mara nazi imezidi, mara mpishi kaachika. Watoto waliigiza. Yeye mwenyewe alianza kufurahia. Aliniambia, "Unaona mdogo wangu, nikionja wananiamini siku hiyo nzima." Siku hiyo nzima. Nilisikia, lakini sikulichukua neno lile kama ninavyolichukua sasa.

Ukitoka bondeni kuelekea kwenye matete na barabarani, njia ni moja, na inapita mbele ya kibanda cha Bibi Siwema. Huyu alikuwa bibi wa watu wote, mpaka Mzee Kibwana alimwamkia shikamoo. Alisaga ugoro. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe kama ndani ya kitunguu, kwa hiyo watu aliwajua kwa miguu na kwa sauti. Ukimpungia mkono ni sawa na kumpungia mnazi. Alitaka sauti. Mtu akimpita kimya anapaza yake, "Nani huyo anapita kama jini? Binadamu ana sauti!" na watu walicheka, lakini hakuna aliyependa kuwa ndiye aliyepita kama jini. Bibi Siwema ndiye aliyetupa tumbaku. Mvua zilipokatika mwaka ule vidukari walikuja kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona, dawa ya maganda ikawa kama tunawaogesha. Chainizi ya Somoe ilijikunja yote. Akawa anamlilia Bibi, na Bibi akamwambia, "Vikonyo na vumbi la tumbaku nalitupa kila siku, mwanangu. Chukua. Kuku wangu nikiwawekea kwenye viota, utitiri unakimbia wenyewe. Itashindwa na vidukari?"

Akaloweka. Tukajaribu kwenye bamia za Mzee Kibwana, kwa ruhusa yake, mistari ya ukingoni. Asubuhi yake vidukari walikuwa wameanguka kama pilipili manga iliyomwagika. Lakini mie nilimwona Somoe wakati anachuja. Alikuwa anakamua kanga kwa mikono mitupu, na ghafla akakaa chini, jasho jembamba usoni, akasema dunia inamzunguka. Akanawa, akalala. Alipoamka akaniambia, na hakuwa anacheka, "Hii siyo ndugu yake ile. Ile ni mboga iliyochacha. Hii ni sumu, watu wameizoea tu kwa kuwa wanaivuta. Hii haionjwi. Na mboga ikirashiwa hii isiende sokoni mpaka zipite siku." Nikamwambia basi waambie. Akasema, "Nitawaambia. Si wananijua sasa?"

Wiki ileile mtoto wa nyumba ya pili alikufa kwa degedege. Usiniulize kinahusiana nini na pipa. Hakihusiani. Lakini ukutani nilisikia sauti, si ya mama mwenye nyumba pekee, "Na lile pipa lake limebadilika harufu, mmesikia?" Ndege haikupita. Laiti ingepita.

Asubuhi ya kugawa dawa watu walikuwa wengi, hata wasio na vijaruba. Wamesikia habari za bamia za Mzee Kibwana. Jua lilikuwa limeshakolea, harufu ya tumbaku iko juu ya bonde zima. Somoe akasimama kando ya pipa, akaeleza vizuri, kwa utaratibu, kwamba hii ni kali, msiiguse kwa mikono, msiuze mboga mpaka siku zipite. Wakaitikia. Halafu wakabaki wamesimama na makopo yao. Hakuna aliyekinga. Mmoja akasema kwa utani, "Dada, leo chumvi vipi?" Somoe akasema, "Leo haionjwi, kaka zangu. Ni tumbaku hii." Nikaona watu wanaangaliana. Mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, "Za nyuma zote zilionjwa." Mwingine, "Kwa nini hii tu? Na wiki hii tu?" Mzee Kibwana alikuwa na fimbo yake, anachora chini. Hakumtazama. Akasema, "Mwanangu, tone tu. Wakuone. Ukiondoka bila kuonja leo, mie nitashindwa kukutetea kesho."

Nilimwona anapiga hesabu yake. Kijaruba kile ndicho alichokuwa nacho. Newala hakukuwa na pa kurudi, alikwishaniambia. Akachukua kata, akachota kidogo, akatia mdomoni, akafunga midomo. Watu wakashusha pumzi. Mmoja akapiga makofi. Makopo yakaanza kugongana kwenye pipa. Mie nilikuwa namtazama shingo. Haikucheza. Hakumeza. Alinitupia jicho mara moja, nikaelewa yote, akajitwika ndoo tupu kichwani, akawaaga kwa kichwa, na tukashika njia ya kuelekea kwenye matete, mie nyuma yake. Mtu anamwambia ahsante dada, yeye anaitikia kwa kichwa. Mwingine anasema leo hukusema neno, mpishi kanuna nini? Yeye anatabasamu kwa macho. Nikawa naomba kimoyomoyo miguu yake iwe mirefu zaidi. Matete yalikuwa pale, hatua za kutembea tu, nyuma kidogo ya kibanda cha Bibi Siwema.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake anasaga. Nikawahi kwa sauti kubwa, "Shikamoo Bibi, ni sie!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Na mwenzio?"

"Yuko hapa, Bibi. Ana haraka."

"Kandambili zake nazisikia. Sauti yake siisikii." Akaacha kusaga. "Somoe? Ni wewe unanipita kama jini leo? Nimekukosea nini, mwanangu?"

Somoe alisimama. Nyuma yetu, pale penye pipa, watu walikuwa wamegeuka. Nilimwona Mzee Kibwana na fimbo yake imetulia. Mie nilisema, "Bibi, koo linamuuma," nilisema hivyo, wallahi, lakini Bibi alikuwa ameshanyoosha mkono hewani, ule mkono wenye ugoro kwenye kucha, anautafuta uso wake. Somoe akautazama ule mkono. Shingo yake ikacheza.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Nenda salama."

Tulifika kwenye matete. Alijitapisha kwa kidole, akatapika, mate yakawa hayaishi, mengi, kama yanachotwa kisimani, na jasho, na mikono inatetemeka. Niliita watu, na watu walikuja mbio, wote, sitawasingizia, wale wale waliotaka aonje ndio waliomlaza kwenye mkokoteni wa maji na kuusukuma mpaka zahanati, Mzee Kibwana kavua kofia anakimbia pembeni na umri wake ule. Njiani aliniambia maneno mawili matatu. Alisema ugali uliobaki usitupwe. Halafu alisema, "Alinyoosha mkono." Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa.

Tulimzika siku ya pili, na Mzee Kibwana alilia mbele ya watu. Akasema makaburini, na ninalikumbuka kama lilivyotoka, "Sasa tumejua. Mchawi hafi kwa dawa yake." Alikuwa anamsifu. Watu wakaitikia, wakatikisa vichwa, mama mwenye nyumba akawa analia kuliko wote. Ushahidi ambao Somoe alikuwa ameutafuta mwaka mzima jalalani na kwenye kata, akaupata hapo, na hakuwepo kuupokea. Na dawa ilibaki kwenye makopo, na watu waliitumia, maana vidukari hawana matanga. Bamia za msimu ule zilikuwa nzuri kuliko zote. Nilizila. Zilikuwa tamu na nilizila, sijui niseme nini zaidi.

Bibi Siwema hakuambiwa. Hakuna aliyeitisha kikao, hakuna aliyesema tufiche, ila bonde lote lilinyamaza kwa pamoja. Yeye aliambiwa dada kaugua ghafla. Kwenye hitma alikaa karibu yangu, akaupapasa mkono wangu. "Mjukuu wangu, sauti yake ya mwisho ninayo. Ilitoka nzito, kama ya mtu anayelia, lakini aliitoa. Wangapi wana macho yao na wananipita? Yeye alisimama akaniamkia." Nikamwambia ni kweli, Bibi, alikuamkia. Aliishi miaka mingine kadhaa, na kila mgeni aliyekaa naye alimsimulia ile salamu, kama mtu anayefungua kanga ya thamani, anaonyesha, anaikunja tena. Mie nilihama Kipawa kabla ya mvua zilizofuata. Pipa niliona linajaa maji ya mvua, hakuna aliyelimwaga. Nimelala nyumba nyingi tangu hapo, zenye kuta mpaka juu, na bado nasikia kandambili zinakuja nyuma yangu halafu zinasimama. Mtu akichelewa kuniamkia, hata kwa nukta, naiona ile shingo. Ndiyo maana nawahi.

Sasa yule binti wa Kinyerezi. Jamaa kasema onja tuone, watu wamecheka, mie nimekaa juu ya ndoo. Binti akainua uso, akaweka mikono ya glovu kiunoni, akasema, "Sionji ng'o! Ukitaka kuonja nenda kwa mama lishe. Asili siyo maziwa, kaka, hata nyoka ni wa asili." Wakacheka zaidi, na yule jamaa akacheka kuliko wote, akawa wa kwanza kukinga chupa yake. Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Wakapanga foleni, wakachota, wakaondoka. Mie nilibaki nimekaa pale, nangoja mtu aseme neno, na neno halikuja. Sikujua kwamba ilikuwa rahisi hivyo. Sikujua ingekuja kuwa rahisi.

Mwisho waligawiwa mihogo ya kuchemsha. Binti akavua glovu, akanawa mara mbili kwa sabuni, akauma muhogo wake, na ndipo akaniona, mzee kakaa peke yake juu ya ndoo. Akaja. Mashavu yamejaa. Nikaona anashtuka, anaweka kiganja mdomoni, anaharakisha kumeza ili aniamkie, macho yanamtoka kwa aibu ya kunikuta na tonge.

Nikainua mkono. "Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Marahaba. Nimeshaisikia. Tafuna."